Giaboksi imeingia, gari halieleweki: jinsi ya kujua kama uwiano wa gia umebadilika

Boliti zote zilikubali. Klachi ilikaa vizuri, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) ikachomekwa, gia zikaingia laini kuanzia ya kwanza hadi rivasi. Ilikuwa Subaru Forester ya klachi, gari la mteja, na giaboksi niliinunua mimi mwenyewe, mtumba wa Japani, safi kwa macho na oili yake haikuwa na chembe za chuma. Nikaondoka Mbezi kulijaribu gari. Kabla sijafika Kibaha nikasikia harufu ya oili inayoungua, na gari likawa kama mtu amelishikilia kwa nyuma: nikitoa mguu kwenye mafuta, halitelezi, linasimama lenyewe. Nikaegesha pembeni, nikalala chini, nikamwagia maji ya chupa kwenye mkia wa giaboksi. Yakachemka papo hapo.

Giaboksi haikuwa mbovu. Namba zake ndizo zilikuwa za gari jingine.

Kosa hili ni rahisi kulifanya kuliko watu wanavyodhani. Kiwanda kikitengeneza ganda moja la giaboksi hulitumia kwenye magari mengi, ila ndani kinabadilisha meno kulingana na injini, uzito wa gari na soko. Kwa nje huoni tofauti. Muuzaji anakuambia "hii ni ya Forester", naye hakudanganyi, ila ni ya Forester gani?

Kabla ya jambo lolote, jiulize tatizo lilianza lini. Uwiano wa gia ni idadi ya meno, na meno hayaongezeki wala kupungua kwa joto, kwa mvua au kwa mzigo. Kama dalili ilikuwepo tangu kilomita ya kwanza baada ya kufunga, ikawa ileile asubuhi na jioni, mshuku uwiano. Kama gari lilikwenda vizuri wiki tatu ndipo likaanza vituko, achana na uwiano, katafute klachi, beringi au oili.

Namba mbili, si moja

Watu wakisema "uwiano wa giaboksi" huchanganya vitu viwili. Kuna uwiano wa kila gia: ukisikia gia ya kwanza ni 3.545, maana yake shafti inayotoka kwenye klachi inazunguka mara 3.545 ili shafti ya kutokea izunguke mara 1. Halafu kuna uwiano wa krauni (gurudumu kubwa la meno) na pinioni (dogo linaloizungusha), yaani ule wa difu inayogawa nguvu kwa tairi mbili, ambao unazidishwa juu ya kila gia. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 ni 4.1. Meno 41 kwa 9 ni 4.556.

Kwenye Hiace, Hilux na magari mengine ya kuvuta nyuma, difu iko mbali kule kwenye ekseli, kwa hiyo ukibadilisha giaboksi krauni inabaki ileile. Kwenye Corolla, Starlet na wenzao wa kuvuta mbele, krauni iko tumboni mwa giaboksi: ukinunua giaboksi umenunua na difu, utake usitake. Subaru ina vyote viwili, krauni ya mbele ndani ya giaboksi na nyingine kwenye difu ya nyuma, na zote mbili lazima zikubaliane. Ndiyo maana nimeanza na Forester, na nitairudia.

Dalili: injini inalia juu kuliko zamani kwa mwendo uleule

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi gereji. Mwenye gari anasema zamani kwenye 100 mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ulikuwa 2,600, sasa uko 3,000 na ushee, na mafuta yanakwisha haraka.

Kwanza ondoa klachi kwenye lawama. Tafuta barabara yenye mwinuko kidogo, weka gia ya nne au ya tano, acha mizunguko ishuke hadi kama 2,000, halafu kanyaga mafuta yote. Klachi inayoteleza mshale wa mizunguko unaruka na mwendo unabaki palepale. Klachi nzima mishale yote miwili inapanda pamoja, kama ng'ombe waliofungwa nira moja. Ikipanda pamoja, tatizo lako ni meno au tairi.

Kisha pima tairi. Usisome ubavuni ukaishia hapo, kwa sababu tairi ikibeba gari hubonyea, na mzunguko wake halisi ni mdogo kuliko wa kwenye karatasi. Jaza upepo sawasawa, chora alama ya chaki chini kabisa ya tairi ikutane na alama sakafuni, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini tena, chora nyingine sakafuni, pima kwa futi kamba. Tairi ya 205/55R16 kwa hesabu ya ubavuni ina mzunguko wa mita 1.985, ukiipima kwa chaki unapata kama 1.93. Ukipata nafasi, sukuma mizunguko mitano ugawanye kwa tano, hapo umepunguza makosa ya mkono.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika. Gawanya kwa 1.93, tairi inazunguka mara 864 kwa dakika. Zidisha kwa krauni, zidisha kwa gia uliyopo, unapata mizunguko ya injini. Subaru yenye gia ya tano ya 0.738 na krauni ya 4.111 itakupa karibu 2,620. Krauni ikiwa 4.444, gia ikabaki ileile, inakuwa 2,830. Lakini krauni ikibaki 4.111 na gia ya tano ikawa 0.871, inafika 3,090. Unaona basi: gia ya tano peke yake inaweza kukupandishia mizunguko kuliko krauni, na watu wengi hukimbilia kulaumu difu.

Mwendo usiusome kwenye dashibodi. Weka simu yenye ramani inayoonyesha mwendo kwa setilaiti, mtu mwingine akae abiria asome, wewe shika usukani. Dashibodi nyingi hutia chumvi kidogo hata gari likiwa jipya, na baada ya kubadilisha giaboksi yenyewe ni mshukiwa.

Kujua kama ni gia moja au ni krauni

Hapa kuna ujanja ninaoupenda kwa sababu hauhitaji kupima tairi wala kujua difu. Nenda kwa mwendo mmoja usiobadilika, tuseme 80 kwa simu, kwenye gia ya nne, andika mizunguko. Kisha gia ya tano, 80 ileile, andika tena. Gawanya ya tano kwa ya nne. Tairi na krauni zimo kwenye namba zote mbili, kwa hiyo zinafutana, na kinachobaki ni uhusiano wa gia hizo mbili tu.

Mfano: Hiace ya klachi, gia ya nne 2,850, gia ya tano 2,420. Ukigawanya unapata 0.849. Giaboksi nyingi za kuvuta nyuma zenye gia tano, ya nne ni moja kwa moja, yaani 1.000, injini na propela zinazunguka sawasawa. Basi hapo gia ya tano ni 0.85 hivi. Na kwa kuwa ya nne ni 1.000, ile 2,850 inakupa krauni bila kufungua kitu: tairi ikiwa na mzunguko wa mita 2.13, kwa mwendo wa 80 inazunguka mara 626 kwa dakika; 2,850 ukigawanya kwa 626 unapata 4.55. Hiyo ni 4.556, meno 41 kwa 9. Krauni za Toyota unazoweza kukutana nazo ni kama 4.100, 4.300, 4.556 na 4.875, na ziko mbali vya kutosha hata mshale wa dashibodi unaotetemeka kidogo hauwezi kukuchanganya.

Fanya hivyo kwa kila jozi ya gia kisha linganisha na namba za gari lako la asili, kama unazo kwenye kitabu cha gari au ulizipima kabla ya kung'oa. Mizunguko ya gia zote ikiwa imepanda au kushuka kwa kiwango kimoja kwa mwendo na tairi zilezile, aliyebadilika ni krauni. Ikiwa moja au mbili ndizo hazipo mahali pake na nyingine ziko sawa, ni zile gia zenyewe. Kanuni hii imeniokoa kufungua giaboksi bure mara nyingi sana.

Dalili: gari zito kuondoka, linazimika kwenye kilima

Hapa uwiano umekuwa mdogo kuliko wa asili, ama gia ya kwanza ama krauni. Ndani ya familia moja ya giaboksi za Toyota, ile ya C inayofungwa kwenye Corolla za miaka ya 1980 na 1990, zipo zenye gia ya kwanza ya 3.545 na zipo za 3.166 zilizotengenezwa kwa ajili ya injini za mbio. Ukiweka ya pili kwenye gari la injini ya kawaida umepoteza karibu asilimia 11 ya nguvu ya kuondokea. Barabara tambarare hutajua. Panda mlima wa Kitonga na abiria wanne ndipo utakapojua, na klachi itakusimulia kwa harufu.

Ila gari zito kuondoka lina sababu nyingine nyingi: breki inayokamata, kompresheni, chujio la mafuta. Kabla ya kumshitaki giaboksi, lisukume gari kwa mkono likiwa huru kwenye sakafu tambarare. Likienda kwa ugumu, tatizo halipo kwenye uwiano, labda liwe Subaru.

Dalili: spidomita inasema uongo

Kwa magari ya kuvuta nyuma, spidomita huchukua habari kwenye mkia wa giaboksi kupitia kipinioni kidogo cha plastiki. Kipinioni hicho huchaguliwa kiwandani kulingana na krauni na tairi za gari lile. Giaboksi mpya ikija na kipinioni chake, spidomita yako inasoma hesabu za gari lingine hata kama gia zote ni sawa. Kwa hiyo usishtuke: chomoa kipinioni cha giaboksi ya zamani, hesabu meno, hamishia. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Na hii ni sababu nyingine ya kutolitoa lile la zamani dukani kama sehemu ya malipo siku hiyohiyo. Likae gereji wiki mbili, ndilo kitabu chako cha kumbukumbu.

Dalili: gari linajibana, linanuka, halitelezi

Turudi kwenye Forester.

Subaru ya klachi inapeleka nguvu mbele na nyuma muda wote, na katikati, kwenye mkia wa giaboksi, kuna difu ya kati yenye viskasi. Viskasi ni kopo lililojaa sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni; linaruhusu tofauti ndogo kati ya mbele na nyuma, kama pale unapokata kona, na tofauti ikizidi linapata moto na kukaza. Kazi yake ni ya dakika moja kwenye tope. Halikuumbwa kufanya kazi muda wote.

Sasa weka krauni ya mbele 3.900 na ya nyuma 4.111. Ni asilimia tano na ushee tu, unaweza kudhani haina maana. Hesabu: tairi ya mzunguko wa mita 1.93 inazunguka mara 518 kwa kilomita. Nyuma inataka propela izunguke mara 2,130 kwa kilomita hiyo. Mbele inataka 2,020. Mizunguko 109 ya ziada, kila kilomita, barabara ikiwa imenyooka kama rula, lazima imezwe na lile kopo la silikoni. Kutoka Mbezi hadi Kibaha ni zaidi ya mizunguko elfu moja. Ndiyo moto ule.

Dalili zake ni hizi, na ukizisikia pamoja egesha gari usiendelee: gari halitelezi ukitoa mafuta; gia inakuwa ngumu kutoka ukishasimama, kama imebanwa; usukani unakuwa mzito na matairi yanalia kwenye kona za maegesho; mkia wa giaboksi unakuwa na joto lisilovumilika wakati difu ya nyuma ni ya uvuguvugu tu.

Sasa, viskasi iliyokufa peke yake inaleta karibu hayohayo, na tairi zisizolingana pia. Zitenganishe hivi. Viskasi iliyokaza kwa uzee inabana kwenye kona kali, gari likienda polepole, lakini kwenye barabara iliyonyooka linatulia. Uwiano usiolingana unabana hata kwenye barabara iliyonyooka, na mwendo ukiongezeka joto linaongezeka. Tairi ni suala la kupima: mzunguko wa tairi nne za Subaru usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma zinatosha kukutesa. Pima kwa futi kamba katikati ya tairi, zote nne, kabla hujagusa spana.

Nikiwa na Forester ile, tairi zilikuwa sawa. Nikapandisha nyuma kwenye stendi mbili, gia kwenye huru, nikaweka nukta ya rangi nyeupe kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Kijana wangu akashika tairi ya kulia isizunguke kabisa, mimi nikazungusha ya kushoto mara 20 huku mwingine akihesabu propela. Tairi moja ikishikwa, krauni inazunguka nusu ya ile nyingine, kwa hiyo mara 20 za tairi ni mara 10 za krauni. Propela ikatoa 41 na kidogo. Nyuma: 4.111. Usizungushe tairi moja huku nyingine ikiwa huru, maana itajizungushia nyuma yenyewe na hesabu yako itakuwa takataka.

Mbele ni kazi zaidi, kwa sababu viskasi inachanganya hesabu. Giaboksi ikiwa imeshuka, vua mkia wake, toa difu ya kati, na utaona ncha ya shafti ya pinioni katikati. Shika upande mmoja wa draivushafti (shafti fupi inayokwenda kwenye tairi), zungusha mwingine mara 20, hesabu ile ncha. Ya kwangu ilitoa 39 kamili. Hapo nikaacha kutafuta sababu nyingine.

Kuna mtego mmoja ambao umewaumiza hata mafundi wazuri. Si kila Subaru ina namba sawa mbele na nyuma. Zipo giaboksi zenye gia za uhamisho za 1.1 kabla ya propela, na hizo mbele inakuwa 3.900 na nyuma 3.545. Zidisha 3.545 kwa 1.1, unapata 3.9 vilevile. Kwa hiyo ukikuta difu ya nyuma ya 3.545 usikurupuke kusema mtu kaharibu. Huenda kiwanda kiliiweka hivyo, na ukiweka giaboksi ya kawaida ya 3.900 ndipo utaharibu wewe.

Kuhesabu giaboksi ikiwa dukani, chini

Muuzaji wa kweli hatakukataza. Anayekukataza umeshapata jibu lako.

Beba sahani ya klachi ya zamani inayolingana na shafti yako. Ukiichomeka kwenye shafti ya mbele inakuwa kama usukani mdogo, unazungusha kwa mikono miwili bila kuumiza meno. Hapohapo umepima jambo jingine: kama sahani haiingii, mikato ya shafti si sawa, na safari ya giaboksi hiyo imeishia dukani. Weka nukta ya rangi kwenye sahani na nyingine kwenye sehemu ya kutokea.

Giaboksi ya kuvuta nyuma: gia ya nne, zungusha mbele mara 10, nyuma lazima itoe 10. Gia ya tano, zungusha mpaka nyuma imalize 20. Kama mbele ilizunguka 17, gia ya tano ni 0.85. Gia ya kwanza, mpaka nyuma imalize 10, mbele ikitoa 39 na nusu basi ni 3.95. Hesabu za mizunguko mingi zina faida kwamba makosa ya robo mzunguko hayakudanganyi.

Giaboksi ya kuvuta mbele: lazima mtu ashike upande mmoja wa matundu ya draivushafti, chomeka kipande cha draivushafti ya zamani ukibane. Zungusha klachi mpaka upande mwingine umalize mara 20, halafu gawanya mizunguko ya klachi kwa 10. Jibu unalopata ni gia na krauni kwa pamoja. Gia ya tano ya 0.815 na krauni ya 3.722 itakupa mizunguko 30 na robo hivi. Krauni ikiwa 4.058, inakuwa 33. Tofauti ya mizunguko karibu mitatu huwezi kuikosa hata jua likiwa kali na muuzaji anakuharakisha.

Fanya hivyohivyo kwa la zamani kabla hujaondoka gereji. Hata giaboksi iliyovunjika meno ya gia ya tatu bado utazungusha ya nne na ya tano ukapata namba zako.

Kusoma bamba

Ningependa kusema anza na bamba, lakini magari yetu mengi yamekwishabadilishiwa vitu kabla hayajakufikia, kwa hiyo bamba linakuambia kiwanda kiliweka nini, si kilichomo leo. Toyota za Japani zina bamba chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na mstari wa TRANS/AXLE unatoa alama mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: ya kwanza giaboksi, ya pili difu. Alama ya difu inabeba uwiano ndani yake. Ukinunua kutoka gari lililokatwa, omba kupiga picha bamba lake na ulinganishe herufi kwa herufi. E na F mwishoni si mapambo. Subaru alama ya giaboksi ya klachi mara nyingi huanza na TY na otomatiki nyingi za zamani na TZ, ipo kwenye bamba na mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya giaboksi. Herufi moja ikitofautiana, chukulia ni giaboksi nyingine mpaka uhesabu.

Otomatiki

Hapa kompyuta inakuhesabia. Inasoma sensa ya kuingilia na ya kutokea, inalinganisha na namba ilizopewa, na zisipolingana inawasha taa na kuandika P0730, au P0731 hadi P0735 kwa gia ya kwanza hadi ya tano. Tatizo ni kwamba klachi za ndani zikiteleza inaandika hayohayo. Kama gia zote zinalalamika tangu siku ya kufunga na oili ni nyekundu safi isiyonuka, fikiria giaboksi si yake. Kama ni gia moja na ilianza baadaye, inateleza. Ukiwa na mashine inayoonyesha mizunguko ya sensa zote mbili, gawanya mwenyewe: namba inayobaki palepale bila kuyumba ni meno, inayopanda unapokanyaga mafuta ni mtelezo.

Ukishajua, ufanye nini

Kurudisha ndiyo dawa ya bei nafuu, na ndiyo maana risiti iandikwe alama ya giaboksi, si "giaboksi ya Forester" tu.

Ikishindikana kurudisha, inategemea kilichotofautiana. Gia ya tano peke yake kwenye Toyota za kuvuta mbele za familia ya C iko nyuma ya kifuniko cha mwisho, nje ya tumbo kuu, na fundi mzoefu anaihamisha kutoka la zamani bila kupasua ganda. Krauni na pinioni kuhamisha inawezekana, lakini lazima zihame pamoja kama jozi, na mwanya kati ya meno upangwe upya kwa shimu, yaani vibati vyembamba vya kusawazishia. Fundi anayekuambia "tutapachika tu" mwambie asante. Kubadilisha saizi ya tairi kunaweza kurekebisha mizunguko ya Hiace kidogo, lakini kwa Subaru ya mbele na nyuma zisizolingana tairi haisaidii kitu isipokuwa uwe tayari kuwa na tairi tofauti mbele na nyuma, jambo ambalo sitalizungumza.

Kwa Forester ile, muuzaji alikubali nusu tu ya makosa yake, na giaboksi ikabaki kwangu. Nilitafuta difu ya nyuma ya 3.900, ya R160 kama ile ya kwanza. Hiyo namba ni kipenyo cha krauni kwa milimita. Ya R180 ni kubwa, ganda na draivushafti zake ni nyingine. Difu niliihesabia palepale kwa muuzaji, mara 20 kwa 39. Oili ya giaboksi nikaimwaga yote kwa kuwa ilikuwa imeungua, na viskasi nikabadilisha pia, sikuthubutu kuiamini baada ya moto ule. Gari likarudi barabarani. Mizunguko kwenye 100 ikashuka kidogo kuliko ya asili, kilima cha Kimara likakipanda kwa gia moja chini ya zamani, na mwenye gari akaniuliza kwa nini limekuwa kimya.

Kabla ya kukabidhi, nilitembea nalo kilomita 10 zilizonyooka, nikasimama, nikagusa mkia wa giaboksi kwa kiganja. Niliweza kuhesabu hadi kumi bila kuondoa mkono.